Ng'ambo haifunguki

"Mwanangu, hii ndia yako haifiki."

Ami alikuwa amesimama mwisho wa gati, mkono mmoja umeshika kamba ya mashua, wa pili umeninyoshea simu. Kiooni palikuwa na maneno mawili tu: ukurasa haupatikani. Nyuma yake kijana wa Kijerumani, aliyekuwa akisubiri kuvushwa kwenda kisiwa cha Manda, akanigeuzia simu yake nami nikaona. Kwake ukurasa ulikuwa wazi kabisa. Picha ya mashua imetweka tanga, bei ya kwenda Takwa, nambari ya Ami chini.

Linki ilikuwa moja. Nilikuwa nimewatumia wote wawili asubuhi ile ile, kwa mkono wangu.

Mashua yenyewe inaitwa Ng'ambo. Jina hilo aliipa baba yake Ami, na sababu yake haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyekaa Lamu hata siku mbili. Mimi nimejitolea kuwawekea manahodha wachache kurasa zao, kila chombo na ukurasa wake, na anwani ya kila ukurasa huishia kwa jina la chombo. Ya Ami iliishia ng'ambo.

Nilimwambia ni simu yake.

## Kuilaumu simu

Nakiri, hilo ndilo jibu letu sisi tunaojifanya tunajua kompyuta. Simu yako ya zamani. Kivinjari chako hakijasasishwa. Futa kumbukumbu, zima, washa. Ami alinisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mgeni anayemweleza habari za upepo, kisha akanipa simu nikamwekea kivinjari kipya.

Safari hii sikumtumia linki ya mwanzo. Nilifungua ukurasa kwenye kompyuta yangu, nikanakili anwani kutoka juu ya kivinjari, nikambandikia. Ikafunguka. Nikarudi nyumbani, mtaa wa Mkomani, nikijiona fundi.

Jioni akaisambaza kwa wateja wake. Mama mmoja wa Nairobi akamjibu kwa ujumbe wa sauti, na Ami akanisikilizisha: linki hii mbona ina manambari ya ajabu, isije ikawa ya wezi? Nikaiangalia. Pale nilipoandika ng'ambo palikuwa na ng%E2%80%99ambo.

Mama yule hakufungua. Simlaumu. Sote tumefundishwa kwamba linki yenye takataka katikati ni ya kuogopwa.

Kisha zikaja kadi. Ami alikuwa amechapisha kadi mia moja za kugawa gatini na kwenye nyumba za wageni kule Shela, anwani imeandikwa kwa hati nzuri, ritifaa yake, ile alama ya juu iliyomo katika ng', ipo mahali pake. Nikaichukua moja, nikaiandika anwani herufi kwa herufi kwenye kompyuta yangu. Haipatikani. Nikajaribu kwenye simu. Haipatikani. Kivinjari kingine. Haipatikani.

Kadi mia moja.

## Ritifaa mbili

Hii ndiyo wiki iliyoninyima usingizi. Si kwa sababu ya ukubwa wa jambo, maana dunia ina matatizo makubwa kuliko mashua isiyofunguka, bali kwa sababu kila nilipodhani nimelikamata liliponyoka. Linki moja inafunguka hapa, haifunguki pale. Nyingine inafunguka lakini imejaa asilimia. Ya tatu, iliyo safi kuliko zote, haifunguki popote.

Nililiona kwa bahati. Macho yalikuwa yamechoka nikakuza maandishi mpaka herufi zikawa kubwa kama yai. Kwenye kadi, ritifaa ilikuwa kijiti kilichosimama wima. Kwenye ukurasa wangu ilikuwa na kichwa kinene na mkia uliopinda, kama kiluwiluwi.

Hizi ni alama mbili tofauti. Kwa jicho langu na lako ni ritifaa, basi. Kwa kompyuta hazina undugu wowote.

Ile iliyosimama wima ilikuja na orodha ya herufi za ASCII ya miaka ya 1960, na nambari yake ni 39, ambayo kwa hesabu ya kumi na sita huandikwa 27. Ndiyo maana ukiona %27 ndani ya linki, ujue pana ritifaa hapo. Imerithi sura ya mashine ya chapa, ambayo kwa kubana nafasi iliifanya alama moja iwe ritifaa, iwe alama ya kufungua usemi, iwe ya kufunga. Ile yenye mkia iko mbali zaidi katika jedwali la Yunikodi, ile orodha kubwa ya herufi za lugha za dunia, na ili isafiri katika usimbaji wa UTF-8, yaani namna ya kuzigeuza herufi kuwa nambari, inahitaji baiti tatu: E2, 80, 99. Weka alama ya asilimia mbele ya kila baiti, umeipata takataka iliyomtisha yule mama.

Na nani aliiweka yenye mkia? Mimi. Nilitengeneza ukurasa wa Ami kwa simu, nimekaa barazani, na kibodi ya simu ikaona kijiti changu hakipendezi ikakipinda bila kuniuliza. Ukurasa ukazaliwa na jina hilo. Mpiga chapa wa kadi aliandika kwa kompyuta, akapata kijiti. Jina moja, nyumba mbili, na moja haikuwa na mtu ndani.

## Lakini vivinjari je?

Hapa nikafikiri nimemaliza, kumbe bado. Ritifaa yenye mkia ilieleza kadi. Haikueleza kwa nini linki niliyoituma ile asubuhi ilifunguka kwa Mjerumani ikakataa kwa Ami.

Nikaenda kumwomba simu tena. Safari hii niliutazama ujumbe wenyewe kabla ya kuubofya. Rangi ya buluu iliyoashiria linki ilianza vizuri, ikapita jina la tovuti, ikafika ng, ikakoma. Mkia wa ritifaa na "ambo" vilikuwa vyeusi, maneno ya kawaida. Programu yake ya ujumbe ilikuwa imeamua kwamba anwani imeishia pale, na kivinjari kikapelekewa ng tupu. Hakikukosea kusoma anwani. Hakikupewa yote.

Nilijisikia vibaya. Wiki mbili nimekuwa nikimwambia mzee wa watu kwamba kivinjari chake ni kibovu.

Na mbona kwenye kompyuta yangu kivinjari kimoja kilionyesha ng'ambo safi na kingine asilimia? Hapo pana siri ndogo ambayo nilipaswa kuijua zamani: anwani unayoiona juu si lazima iwe ndiyo inayosafiri. Inayosafiri kwenda kwa seva, ile kompyuta inayotunza tovuti, huwa imeshafungwa kwa asilimia, maana njia ile haipitishi kitu nje ya herufi za ASCII. Kivinjari kinakufungulia ili usome, kama muuza duka anayefunua kanga uone jina lake kisha anaikunja tena. Lini kifunue na lini kikunje, hasa unaponakili, kila kivinjari kina mkono wake.

Nikasema sawa, basi ni kazi ya dakika tano. Nikaibadilisha anwani ya ukurasa, nikatoa yenye mkia nikaweka kijiti. Kadi mia moja zikafufuka.

Asubuhi yake orodha ya vyombo vyote ikawa imevunjika. Ukibofya Ng'ambo kwenye orodha, unapelekwa ng. Aliyetengeneza kiolezo cha tovuti yangu, na huyo naye ni mimi, alikuwa amezungushia linki zote alama ya kijiti kuonyesha inaanzia wapi na inaishia wapi. Kivinjari kikafika kwenye ritifaa ya ng', kikaona kijiti, kikasema imekwisha. Yale yale ya simu ya Ami, kwa sababu nyingine kabisa.

Watengenezaji wa programu wanakiogopa kijiti hiki kuliko mnavyodhani. Ndicho kinachofungua na kufunga maneno katika lugha za hifadhidata, na mtu mwenye nia mbaya huweza kukitumia kuvunja mlango. Wavivu wakaona dawa ni kukipiga marufuku. Nina rafiki ambaye jina lake la ukoo lina ng' mbili, na kuna fomu za mtandaoni ambazo mpaka leo humwambia jina lake lina herufi zisizokubalika.

Jina lake. Herufi zisizokubalika.

## Walioandika sheria

Nilisoma nyaraka za kanuni zenyewe usiku, feni inazunguka na punda wa jirani analia. Nilitaka kujua nani kasema nini kuhusu ritifaa. Jibu linachekesha kidogo.

Mwaka 1994, katika waraka wa RFC 1738, mmojawapo wa nyaraka hizo, ambao Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa Wavuti, ni mmoja wa walioutia sahihi, ritifaa iliruhusiwa kukaa ndani ya anwani bila kufungwa. Mwaka 1998, RFC 2396 ikaendelea kuiruhusu. Mwaka 2005 ikaja RFC 3986, ambayo ndiyo inayotegemewa hadi leo, na ritifaa ikahamishwa kundi. Ikawekwa pamoja na alama zilizohifadhiwa kwa kazi maalumu: alama ya mshangao, mabano, nyota, koma na wenzake. Alama za kundi hili, ukizifunga kwa asilimia na usipozifunga, hazihesabiwi kuwa anwani moja kwa lazima. Herufi, tarakimu, kistari, nukta, kistari cha chini na kiwimbi ndizo pekee zilizobaki huru kabisa.

Lakini JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya vivinjari, ilikuwa imeshajengwa juu ya ule waraka wa 1998. Ile kazi yake ya kufunga herufi za anwani inaiacha ritifaa kama ilivyo mpaka leo, ingawa sheria ilishageuka. Na kanuni ya WHATWG, ambayo ndiyo waunda vivinjari wanayoifuata sasa, inasema hivi: ritifaa ya kijiti ikiwa kabla ya alama ya kuuliza, iache. Ikiwa baada yake, ifunge iwe %27.

Alama ile ile, anwani ile ile. Kushoto ya alama ya kuuliza ni huru, kulia imefungwa.

Sikasiriki. Ukikaa nayo unaona kwamba hakuna aliyeamka akataka kuisumbua ng' yetu. Hakuna aliyeifikiria tu.

Kuna kipande kimoja katika RFC 3986 nilikisoma mara tatu. Wanaeleza kwa nini anwani iwe na herufi chache: tuseme watu wawili wamekaa kilabuni, mmoja anamwandikia mwenzake anwani kwenye kijikaratasi cha kufutia mkono, na huyo akifika kwao anaiandika kwenye kompyuta na kufika anakotaka. Yaani anwani iweze kusafiri kwa wino, na iandikike kwa kibodi yoyote. Nikamfikiria Ami na kadi zake mia moja. Kumbe mashua yake walikuwa wameifikiria, kwa namna fulani. Ni ritifaa tu hawakuifikiria.

## Herufi au alama?

Jibu la kitaalamu nililijua tangu siku ya kwanza: toa ritifaa, andika ngambo, maliza. Kila mtu hufanya hivyo. Kilichonizuia ni mwalimu wangu wa darasa la tatu.

Alitufundisha kwamba ng' ni konsonanti moja. Si n, si g, si n na g na kitu kilichoning'inia. Ng'oa na ngoa hazikutani, na ukiandika ng'ombe bila ritifaa alikuchapa huku akilia kama ngombe huyo asiyekuwepo. Sasa, kama ng' ni herufi, ritifaa ndani yake si alama ya uandishi. Ni kiungo cha mwili. Yunikodi wenyewe wamelitambua jambo hili: wana ritifaa ya tatu, U+02BC, ambayo ni ya kutumika pale ritifaa inapokuwa herufi. Ukiitazama ni ile ile yenye mkia. Kibodi yangu haina. Yako pia, nadhani.

Na sisi wa huku tungekuwa na haja nayo zaidi. Kaa la moto na kaa wa pwani huandikwa sawa katika vitabu, lakini yule wa pwani tunamtamka kwa pumzi, na wanaoandika lahaja zetu kwa uangalifu humwandika k'aa. Tembo la mnazi na t'embo wa msituni vivyo hivyo. Kama nikiitoa ritifaa kwa ajili ya kivinjari, nikubali basi kwamba maandishi yetu yapunguzwe kila yanapokutana na mashine? Leo ng'ambo, kesho nini?

Nililibeba swali hilo siku kadhaa, na nilikuwa nimeshaanza kuliandikia makala ya hasira. Mnaisoma nyingine kwa sababu ya Ami.

## Rangi ya omoni

Nilishuka gatini kumweleza. Nilimpa hotuba yote: ng' ni herufi, jina ni lako, nisingependa nilikate. Alikuwa anapaka sifa, yale mafuta ya samaki, ubavuni mwa mashua, hakusimama.

"Ndoo utazame," akasema, yaani njoo uangalie.

Nikaenda upande wa omo, mbele ya chombo. Jina limepakwa kwa rangi nyeupe juu ya kijani, herufi kubwa, zimeanza kubabuka: NGAMBO.

Nimeipanda mashua ile tangu utotoni. Sijawahi kuona kwamba haina ritifaa.

"Kuna mmoya alokuya hapa akasema twaenda na Ngambo?" akaniuliza, akiitamka kwa g nzito kama ya ngamia.

Hakuna. Hata mmoja. Kila mtu Lamu hulisoma jina lile sawasawa kwa sababu tayari analijua neno. Kisha akaniambia nipite kwake baada ya alasiri, akanitolea daftari la nauli la baba yake, limeandikwa kwa khati za Kiarabu kama walivyoandika wazee wengi. Ng'ambo ilianza na ghaini. Ngano, kwenye ukurasa wa pili, ilianza na ghaini hiyo hiyo. Ghali nayo ghaini. Herufi moja imebeba sauti tatu, na hakuna aliyewahi kumpelekea marehemu ngano badala ya kumvusha ng'ambo.

Nilikaa pale na kikombe cha kahawa nikijaribu kurudisha hasira zangu, zikakataa kuja.

Nilikuwa nimedhani maandishi ndiyo yaliyobeba sauti. Huku kwetu hayakuibeba kamwe, si kwa khati zile wala kwa rangi ya omoni. Aliyeibeba ni msomaji. Na tatizo la mashine si kwamba inaichukia ritifaa, ni kwamba yenyewe ni msomaji asiyejua neno. Haiwezi kuona ng na ambo ikakisia. Baba yake Ami angeandika chochote, mtu wa mtaa wa Langoni angemwelewa. Mimi nilikuwa namwandikia msomaji ambaye hajawahi kuvushwa kwenda popote.

(Kwa wanaojiuliza: ndiyo, unaweza kuandika anwani kwa khati za Kiarabu. Kila herufi hula baiti mbili. Mimu peke yake husafiri kama %D9%85, na Lamu yenye herufi nne, لامو, inafika imekuwa alama ishirini na nne. Sikumwambia Ami.)

Bado sijaridhika kabisa. Mtu wa Langoni analijua neno, lakini mtoto wa mjukuu wake, aliyezaliwa na kukulia mbali, atalijua? Huyo ndiye atakayekuja kulisoma jina kwanza kwenye kioo kabla hajalisikia mdomoni mwa mtu. Kwa ajili yake, juu ya ukurasa wenyewe, kwa hati kubwa, nimeandika Ng'ambo, na ritifaa nimeiweka ile ya tatu, ile ya herufi. Hakuna atakayeona tofauti. Mimi najua ipo.

## Mistari minane

Anwani sasa ni ngambo, kama omoni.

Kisha nikaandika kwenye seva mistari minane, kila mmoja ukisema: atakayekuja kwa jina hili, mpeleke kule. Kijiti. Yenye mkia wa kulia. Yenye mkia wa kushoto. Ile ya herufi. Kile kijiti kilichoinama ambacho kibodi nyingine hukiweka kwenye pembe. Mwenzake anayeinama upande wa pili. Kistari badala ya ritifaa. Nafasi tupu badala ya ritifaa. Kadi mia moja za Ami zinafanya kazi, linki iliyomtisha yule mama inafanya kazi, na hata ng tupu nimeipeleka kwenye orodha ya vyombo, kwa heshima ya simu zote zinazokata maneno katikati.

Kaskazi imeshashika sasa na wageni ni wengi. Jana usiku nilipitia kumbukumbu za seva kuona nani kapotea. Wachache tu. Mmoja, saa nne kasoro, alikuwa ameandika anwani kwa mkono kutoka kwenye kadi, akakosa, akajaribu tena vile vile, akakosa tena, akaondoka. Alikuwa ameandika n'gambo.

Ndiyo, ritifaa imeruka ikaangukia kati ya n na g, kama tunavyoiona kila siku kwenye mabango ya buchari.

Nimeongeza mstari mwingine. Ami sijamwambia, angeniuliza kwa nini mtu huyo hakupiga simu tu.